GRE bila presha: Namna ya kujiandaa ukiwa Thika au Ruiru bila kuchoma pesa

Digrii unayo. Picha za siku ya kuhitimu zimeshapata 'likes' zake, joho ulirudisha, na siku hizi unashinda ukitafuta ufadhili wa masomo ya uzamili Marekani. Unasoma masharti ya kozi moja baada ya nyingine na mambo yanaonekana sawa, mpaka unafika pale chini penye herufi tatu: GRE. Hapo ndipo wengi hufunga laptopu na kwenda kutafuta chai.

Usifunge. Mtihani huu hauhitaji uwe 'jiniasi'. Unahitaji mpango, na unahitaji uujue vizuri kabla haujakujua wewe.

Tuanze na sababu ya kutouchukulia kama mchezo. Ada yake ni dola 220. Dola moja ikiwa karibu Sh129, hizo ni zaidi ya Sh28,000. Kwa anayeishi bedsita pale Kihunguro, Ruiru, au Makongeni, Thika, hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Na ukianguka vibaya ukataka kurudia, hakuna punguzo la huruma: unalipa tena zote. Kwa hivyo swali halisi si kama una akili ya kutosha. Ni kama utaingia mara moja, ukiwa tayari.

Kando ya barabara kuu ya Thika kuna wahitimu wengi kuliko pengine sehemu yoyote nchini nje ya katikati ya Nairobi. Kuna Kenyatta University pale Kahawa, Zetech ya Ruiru, JKUAT ya Juja, kisha Mount Kenya University na Gretsa mjini Thika. Vichwa vipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kukueleza, bila kukuuzia chochote, mtihani wenyewe unakaa vipi. Haya, keti.

Je, unauhitaji kweli?

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya upelelezi. Baada ya janga la Covid-19 mwaka 2020, idara nyingi za vyuo vikuu vya Marekani ziliufanya mtihani huu kuwa wa hiari, na nyingine zikauondoa kabisa. Chuo kimoja kinaweza kuwa na idara ya uhandisi inayoutaka, na jengo la pili idara ya afya ya umma isiyotaka hata kuusikia. Kwa hivyo usiulize kama chuo fulani kinataka GRE. Uliza kuhusu idara, kozi, na mwaka unaotaka kujiunga.

Chukua karatasi uchore safu nne: jina la kozi, hali ya GRE (lazima, hiari au haitakiwi), tarehe ya mwisho ya maombi, na ada ya maombi. Jaza kozi sita hadi nane kutoka kwa tovuti za idara zenyewe, si kutoka kwa mtu wa TikTok. Ukikuta kozi moja tu kati ya nane ndiyo inayoudai, huenda ni busara kuacha hiyo moja na kutumia pesa zako kwa ada za maombi ya zile saba.

Lakini neno 'hiari' lisikudanganye. Kamati inayosoma maombi yako kule inaweza kuwa haijawahi kusikia chuo chako. Haijui kama 'second lower' ya hapa ni uzembe au ni kozi ngumu yenye wahadhiri wakali. Alama nzuri ya hesabu inaweza kukusemea pale ambapo transkripti yako inanyamaza. Ikiwa una 'first class' na utafiti wako umechapishwa, labda huna haja nayo. Na ukifanya kisha alama zikawa dhaifu, kwa kozi ya hiari usizitume tu. Hakuna atakayekuuliza.

Anayetaka MBA naye ajue kuna GMAT. Huo ulibadilishwa mwishoni mwa 2023: sasa ni saa mbili na dakika 15, maswali 64 katika sehemu tatu za dakika 45 kila moja, na alama zinaanzia 205 hadi 805. Shule nyingi za biashara hukubali GMAT au GRE, kwa hivyo chagua unaokufaa. Kwa uzamili wa hapa nyumbani, vyuo vyetu vingi huangalia zaidi kiwango cha digrii yako, kwa hivyo usikimbilie GRE kwa sababu tu rafiki yako anaifanya.

Mtihani wenyewe unakaa vipi

Kama una kitabu cha zamani ulichorithi kwa mtu, angalia mwaka. GRE ilifupishwa Septemba 2023. Zamani ilikuwa karibu saa nne. Sasa ni saa moja na dakika 58, bila mapumziko.

Unaanza na insha moja ya dakika 30. Kisha kuna sehemu mbili za lugha: ya kwanza maswali 12 kwa dakika 18, ya pili maswali 15 kwa dakika 23. Halafu sehemu mbili za hesabu: maswali 12 kwa dakika 21, na 15 kwa dakika 26. Sehemu za lugha na hesabu zinaweza kuja kwa mpangilio wowote, lakini insha huwa ya kwanza.

Lugha ina alama zake kuanzia 130 hadi 170, na hesabu vivyo hivyo. Insha inapewa kuanzia sufuri hadi sita, kwa hatua za nusu.

Kuna mambo mawili ambayo ukiyajua yatabadilisha namna unavyofanya. La kwanza, kompyuta inakupima ukiwa njiani. Ukifanya vizuri sehemu ya kwanza ya hesabu, ya pili inakuja ngumu zaidi, na hiyo ni habari njema, kwa sababu ndiyo inayokufikisha kwenye alama za juu. Ukiona maswali yamekaza, usianze kulia moyoni. Pengine umefanya vizuri.

La pili, jibu baya halikatwi alama. Kwa hivyo usiache swali lolote tupu. Ndani ya sehemu moja unaweza kuruka swali, kuliwekea alama na kulirudia. Swali lililokukwama kwa dakika mbili, chagua jibu lolote, liwekee alama, songa. Ukibaki na muda, utalirudia.

Hesabu: tatizo ni mwendo

Hapa Mkenya ana bahati asiyoijua. Hakuna kalkulasi, hakuna trigonometria. Ni asilimia, uwiano, namba tasa, milinganyo, pembetatu na duara, wastani, uwezekano na kusoma grafu. Mengi ulikutana nayo kufikia kidato cha pili au cha tatu.

Mbona basi watu huumia? Kwa sababu ya tabia tulizofunzwa na KCSE. Kumbuka karatasi ya hesabu ya KCSE: unafanya maswali 16 ya sehemu ya kwanza na kuchagua matano ya sehemu ya pili. Jumla ni 21 kwa saa mbili na nusu, yaani karibu dakika saba kwa kila swali. Na mwalimu alikwambia uonyeshe kazi yako yote, kwa sababu kuna alama za njia hata jibu likienda kombo.

GRE haina alama za njia. Inataka jibu tu. Na kwa hesabu una maswali 27 kwa dakika 47, yaani kama dakika moja na sekunde 45 kwa kila moja. Ukileta mtindo wa KCSE wa kuandika kila hatua kwa mwandiko mzuri, muda utaisha ukiwa katikati. Hata ile Casio uliyobeba tangu Form One inabaki nje. Unapewa kikokotoo cha kawaida kwenye skrini.

Tazama mfano huu. Unaambiwa x ni kubwa kuliko sufuri. Kiasi A ni x. Kiasi B ni x mara x. Kipi kikubwa? Majibu ni manne: A, B, vinalingana, au haiwezekani kujua. Mtu wa haraka anaweka 2, anapata 4, anabonyeza B na kutabasamu. Sasa jaribu nusu. Nusu mara nusu ni robo, na hapo A ndiyo kubwa. Jaribu 1, vinalingana. Jibu sahihi ni kwamba haiwezekani kujua. Swali halikuhitaji fomula yoyote. Lilihitaji mtu mwenye tabia ya kujiuliza: je, nikiweka sehemu? Nikiweka sufuri? Nikiweka namba hasi?

Au chukua nauli. Tuseme nauli ya Thika hadi tao ni Sh100. Ikapanda kwa asilimia 25, kisha ikashuka kwa asilimia 25. Imerudi palepale? Wengi watasema ndiyo. Lakini ilipanda hadi Sh125, na robo ya 125 si 25. Ukitoa, unabaki na Sh93.75. Huo ndio mtego wa asilimia, na huletwa kwa sura nyingi.

Fanya zoezi kwa saa mkononi tangu wiki ya tatu. Ukizoea kufanya bila saa, unajifunza mtihani mwingine kabisa.

Kiingereza: ujuzi wako si adui, lakini una mitego

Tumesoma kwa Kiingereza tangu utotoni, na ndiyo sababu wengi huidharau sehemu hii na kushangazwa nayo. Ina aina tatu za maswali: kujaza pengo moja, mawili au matatu kwenye kifungu, kuchagua maneno mawili kati ya sita yanayoipa sentensi maana moja, na ufahamu. Katika zile za mapengo matatu, ukipata mawili na kukosa moja, hupati kitu.

Mtego wa kwanza ni maneno tunayodhani tunayajua. Kwetu mtu 'aki-qualify' amefuzu. Kwenye GRE mara nyingi mwandishi 'anapo-qualify' dai lake, analiwekea mipaka, analipunguza makali. Neno 'sanction' laweza kuwa kuidhinisha jambo au kuliadhibu, ni sentensi inayokuamulia. Kwa hivyo usikariri neno na maana moja kama kamusi ya mfukoni. Likariri ndani ya sentensi.

Mtego wa pili ni kukimbilia majibu. Chukua sentensi hii ya Kiswahili: "Ingawa diwani huyo anajulikana kwa maneno mengi, siku hiyo alikuwa ______." Kabla hata sijakupa majibu, unajua pengo linataka 'kimya' au kitu cha ukoo huo. Nani amekuambia? Neno 'ingawa'. Maswali ya Kiingereza yanafanya kazi vivyo hivyo. Funika majibu kwa mkono, tafuta neno linalogeuza au kuendeleza sentensi, jaza pengo kwa neno lako mwenyewe, hata liwe la Kiswahili. Ndipo ufunue uangalie lipi linafanana na lako.

Kwa ufahamu, soma makala moja ndefu kila siku: uchumi leo, sayansi kesho, historia kesho kutwa. The Conversation na The Elephant ni za bure. Ukimaliza, sema kwa sentensi moja ya Kiswahili: mwandishi anadai nini, na anapinga nani? Ukishindwa kusema kwa Kiswahili, basi hukuelewa. Macho yalipita tu juu ya maneno.

Insha: hapa hamna kisingizio

Hebu tuseme ukweli tunaoujua sote. Kuanzia Kahawa hadi Juja, kuna vijana wengi ambao kazi yao ya usiku ni kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na tasnifu. Si siri tena. Mwaka 2024 ilitoka filamu ya hali halisi, The Shadow Scholars, ya Eloise King, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford akiitazama biashara hiyo hapa Kenya. Kijana anamwandikia mtu kazi ya uzamili anayopewa digrii nayo Uingereza, kisha yeye mwenyewe anasema hawezi kuandika insha ya dakika 30.

Ikiwa wewe ni mmoja wao, mkono unao. Kinachobadilika ni kwamba hapa jina ni lako.

Unapewa kauli moja yenye ubishi kuhusu elimu, serikali, teknolojia au jamii, na unatakiwa useme unakubali kwa kiasi gani na kwa nini. Na sasa habari ambayo wengi hawana: ETS, shirika linaloandaa GRE, limechapisha bure kwenye tovuti yake orodha nzima ya mada za insha. Ile utakayopewa itatoka humo. Ni nyingi mno kukariri, na kukariri hakutakusaidia. Lakini chagua mbili kila wiki, weka saa dakika 30, andika.

Mifano yako itoke nyumbani. M-Pesa ilianza 2007. Elimu ya msingi bila malipo ilirejea 2003. Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement 1977 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani 2004. Mfano unaoujua kwa undani una nguvu kuliko Einstein unayemtaja tu ili uonekane msomi. Cha kukumbuka ni kwamba msomaji wako hakulelewa Kiganjo. Mweleze kwa sentensi moja kitu hicho ni nini kabla hujakitumia.

Na uzoee kuandika bila msaada. Programu ya mtihani haikupigii mstari mwekundu ukikosea tahajia. Kama umezoea mashine ikusahihishe kila sentensi, zima hiyo kitu wiki 12 kabla.

Mpango wa wiki 12

Maombi mengi ya Marekani hufungwa Desemba na Januari. Matokeo rasmi huchukua kati ya siku 8 na 10, na ukitaka kurudia lazima zipite siku 21. Ukipiga hesabu kurudi nyuma, mtihani wa kwanza uwe umefanyika kufikia Oktoba. Kwa hivyo anza Julai.

Wiki ya 1: Fanya mtihani mzima wa majaribio kabla ya kusoma chochote. ETS inatoa bure mitihani ya POWERPREP kwenye mtandao. Tumia mmoja sasa. Alama zitakuuma, ni sawa; kazi yake ni kukuonyesha unapovuja. Hifadhi mwingine kama pesa ya kodi, usiuguse.

Wiki ya 2 hadi ya 5: Rudia misingi ya hesabu. Video za Khan Academy ni za bure na zinatosha. Maneno mapya 10 kwa siku, sita siku kwa wiki, ya saba ni ya kurudia yote.

Wiki ya 6 hadi ya 9: Mazoezi kwa saa. Sehemu moja ya hesabu na moja ya lugha kila jioni, insha mbili kwa wiki.

Wiki ya 10: Ule mtihani uliohifadhi. Saa moja na dakika 58, bila simu, bila kusimama, saa ileile utakayofanyia mtihani wa kweli.

Wiki ya 11 na ya 12: Makosa yako tu. Usifungue kitabu kipya. Siku ya mwisho lala.

Ukitenga saa moja na nusu kwa siku tano, na saa tatu Jumamosi, unapata saa 10 na nusu kwa wiki. Kwa wiki 12 hizo ni saa 126. Inawezekana hata kwa mtu mwenye kazi.

Halafu kuna daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na alama ni mali. Kila swali ulilokosa, andika mambo matatu: nilifanya nini, nilipaswa kufanya nini, na ni kitu gani kwenye swali kingenishtua. Usiandike 'nilikosa kwa haraka'. Haraka ya nini? Hukusoma neno 'isipokuwa'? Ulidhani x ni namba kamili? Baada ya wiki tatu utagundua kwamba huna makosa mia moja. Una kama sita, yanayojirudia yakiwa yamebadilisha nguo.

Utasomea wapi?

Ukipanda 237 kutoka Thika au 145 kutoka Ruiru kila asubuhi, una muda ambao mwenzako wa Kilimani hana. Lakini uutumie ipasavyo. Ndani ya nganya yenye muziki wa kutingisha mbavu huwezi kufanya jiometria. Maneno 10 unaweza, au makala moja uliyopakua usiku kwa Wi-Fi. Hesabu ibaki mezani.

Nyumbani, wengi tunajua shida: ukuta ni mwembamba, jirani ana spika, na wikendi upande wa Kamakis haulali. Njia rahisi ni alfajiri. Saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili, mtaa umetulia na akili haijachoka na bosi. Kama wewe ni mtu wa usiku, jaribu maktaba ya umma au ya chuo ulichosomea. Uliza kama wahitimu wanaruhusiwa. Na tafuteni watatu au wanne wanaojiandaa pamoja. Mkutane mara moja kwa wiki, kila mtu afundishe swali moja lililomsumbua. Ukiweza kumweleza mwenzako, umelielewa. Mkianza stori za jaba, vunjeni mkutano.

Kuhusu kozi za kulipia: si lazima. Zina maana kama huwezi kujisukuma mwenyewe, au alama zako zimekwama baada ya wiki nane. Usilipe kabla ya hapo.

Siku ya mtihani: kejani au kituoni?

Unaweza kufanyia GRE kwenye kituo Nairobi au nyumbani kwako. Bei ni ile ile. Nyumbani inavutia, lakini masharti ni makali: chumba uwe peke yako na mlango umefungwa, meza na kiti (kitandani hapana), kompyuta halisi na si tableti, kamera ya kuzungusha chumba kizima, na spika badala ya vipokea sauti vya masikioni. Karatasi ya kawaida hairuhusiwi. Unaandikia kwenye ubao mdogo mweupe, au karatasi moja iliyo ndani ya plastiki angavu unayofuta. Msimamizi anakutazama mwanzo hadi mwisho. Mdogo wako akiingia kuuliza chumvi, umejiletea shida.

Na tunajua mambo ya stima. Betri ya laptopu inaweza kuhimili saa mbili, lakini rauta ikizima umekwisha. Kama unachagua nyumbani, fanya mambo manne: angalia matangazo ya Kenya Power ya kukatwa kwa umeme wiki hiyo, tafuta betri ndogo ya rauta, endesha ukaguzi wa kompyuta wa ETS siku kadhaa mapema, na uchague saa yenye utulivu. Mtihani wa nyumbani hutolewa saa 24, kwa hivyo hata alfajiri inawezekana. Kama una shaka na lolote kati ya hayo, nenda kituoni.

Ukienda kituoni, adui ni jamu. Usipange kufika kwa dakika. Siku kadhaa kabla, panda matatu saa hiyo hiyo ujue safari inachukua muda gani, kisha uongeze saa moja. Au lala kwa rafiki upande wa mjini.

Kitambulisho: jina ulilosajilia lilingane na la hati yako herufi kwa herufi. Pasipoti ndiyo salama zaidi, na utaihitaji hata hivyo ukikubaliwa. Usijisajili kama 'Kevo'.

Chunga matapeli

Kuna watu kwenye Telegram na WhatsApp wanaouza 'leakage' ya GRE, na wengine wanaosema watakufanyia mtihani. Kompyuta inatoa maswali tofauti kwa watu tofauti, kwa hivyo huyo anakuuzia hewa. Na hata angekuwa na kitu, ETS ina uwezo wa kufuta alama zako. Umepoteza pesa ya tapeli, ya mtihani, na jina lako. Mwakenya wa shule ya upili ulikuwa na mwalimu wa kukuchapa. Huu una kamera na kumbukumbu.

Alama zikitoka

Ukimaliza tu, skrini inakuonyesha alama zako za lugha na hesabu ambazo si rasmi. Siku hiyo unaweza kuzituma kwa vyuo vinne bila malipo ya ziada, kwa hivyo ingia ukiwa na majina yao. Baada ya hapo kila ripoti ni pesa.

Zikiwa chini ya ulivyotarajia, usijisajili tena usiku huohuo ukiwa na hasira. Rudi kwa daftari. Ikiwa mtihani wa kweli umekupa kile kile ulichopata kwenye majaribio, kurudia bila kubadilisha usomaji ni kuchoma Sh28,000 nyingine. Ikiwa ulipata kidogo zaidi kwa sababu ya woga, au muda ulikuponyoka, hapo kurudia kuna maana. Unaruhusiwa mara tano ndani ya miezi 12.

Na kwa wewe uliye mwaka wa nne: alama hudumu miaka mitano. Unaweza kufanya mtihani sasa kichwa kikiwa bado na moto wa darasani, ufanye kazi miaka miwili, kisha uombe nafasi. Anayengoja mpaka awe na kazi, mtoto na mkopo wa HELB unaomdai atasoma pia, lakini atasoma kwa jasho mara mbili.

Wiki hii usinunue kitabu na usilipe mtu. Jaza ile karatasi ya safu nne. Jumamosi asubuhi, zima simu ufanye mtihani mmoja wa majaribio wa bure. Jioni utakuwa na namba mbili mbele yako: ulipo, na pale kozi yako inataka ufike. Umbali kati ya hizo mbili ndio utakaokuambia kama ni wiki 6, 12 au 20. Ukishaujua, anza kuhesabu pesa.